Namna Ishirini na Tatu za Uji, na Mke Wangu Bado Hataki Kula

Bi Senga mpendwa,

Naomba unisaidie, na kabla hujaanza kunihurumia nikuambie ukweli wote: ukurasa wako huu sijawahi kuusoma. Miaka yote gazeti likiteremshwa kwenye feri hapa kisiwani mimi naangalia bei ya kondoo, halafu matangazo ya vifo nione nani kanitangulia, halafu ukurasa wako wa machozi nauwashia jiko, na unashika moto upesi kuliko ule wa siasa, sijui kwa nini. Lakini mfa maji hukamata maji, na mimi sasa maji yamefika puani, basi nimekaa hapa jikoni na kalamu ya kuazima, na mwandiko ukiuona umepinda kama njia ya mlevi uvumilie, maana shule niliiacha nina miaka kumi na nne nikaenda kuchunga kondoo wa baba, na kondoo hawajawahi kuniomba cheti.

Shida yangu ni uji. Usicheke. Cheka baadaye.

Mke wangu anaitwa Dolina. Tumeoana miaka arobaini na saba, watoto Mungu hakutujalia, tuko wawili tu katika nyumba hii, na kondoo, na upepo. Januari hii alikuwa nje anaanika mashuka, mimi nipo dirishani na chai yangu, nikaona shuka limeanguka chini, nikasema moyoni aha, upepo, atalianika tena, nikamalizia chai. Kumbe chini ya shuka yupo yeye. Nilimaliza kikombe kizima, Bi Senga. Hilo sijamwambia mtu, na wewe unalijua kwa sababu huwezi kunipiga kwa njia ya posta.

Kiharusi. Upande wote wa kulia umekufa, na maneno yameondoka yote, hata lile la kunitukana, ambalo alilitumia vizuri sana. Amebaki na mkono wa kushoto na macho. Macho hayo ndiyo yananimaliza.

Kila Jumanne anakuja muuguzi wetu Rhona, binti mdogo, mkali kama siki, anampima Dolina uzito. Mwezi wa pili alikuwa kilo sitini na moja. Mwezi wa saba hamsini. Siku hiyo Rhona akanigeukia na mikono kiunoni.

"Mzee Lachlan, asubuhi unampa nini huyu mama?"

"Uji."

"Uji gani?"

"Uji una makabila? Oti, maji, chumvi."

"Kila siku?"

"Jumapili pia. Ila wa Jumapili unapikwa Jumamosi, maana Jumapili hatuwashi moto, unamiminwa kwenye droo ya kabati, ukiganda unakatwa vipande. Wewe mama yako hakukufundisha kitu?"

"Mama yangu alinifundisha kutofautisha chakula na gundi ya kubandikia karatasi ukutani. Mbadilishie bwana! Tia tunda, tia maziwa, tia asali. Leo hivi, kesho vile. Kila asubuhi iwe na ladha yake."

Nikamwambia chumvi ilimlea babu yangu aliyebeba mashua mgongoni. Akasema babu yangu hajaandikwa kwenye daftari lake, aliyeandikwa ni Dolina. Halafu akashusha sauti, na muuguzi mkali akishusha sauti ujue mambo yameharibika, akasema, "Mzee wangu, akishuka chini ya arobaini na mbili sitakuwa na la kufanya. Itabidi avushwe bara, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Huko watamlisha kwa mpira."

Alidhani Dolina hasikii. Dolina alisikia. Ule mkono wa kushoto ukatoka chini ya blanketi ukashika ukingo wa kitanda, ukashika mpaka vidole vikawa vyeupe kama mishumaa, na ilichukua robo saa mimi na Rhona kuviachanisha kimoja kimoja. Maana Dolina alishasema zamani, mdomo wake ukiwa bado mdomo, kwamba nyumba hii atatoka ndani ya sanduku, miguu mbele, na hatavuka maji kwenda kufia kati ya watu wanaomwita "mpenzi" bila kumjua jina.

Basi sasa nikueleze jambo ambalo nimelificha miaka arobaini na saba, ingawa siyo siri, maana lilitokea mbele ya watu watano na mbwa.

Dolina nilimtoa bara. Alikuwa anafanya kazi jikoni kwenye nyumba moja kubwa ya matajiri wawindaji, na huko alijifunza kupika nafaka yetu hii ya oti kwa namna ambazo sisi hatujawahi kuziota. Asubuhi ya kwanza ya ndoa yetu aliamka kabla ya jogoo. Tulikuwa tunakaa na mama yangu, Mungu amlaze, na alaze pia ulimi wake, na kaka zangu watatu. Dolina akakaanga oti kwenye siagi mpaka nyumba nzima ikanukia kama sikukuu, akazipika na maziwa, akakata tufaha vipande vyembamba, akaweka malai juu na asali ya maua ya mlimani. Alipanga, aliniambia usiku wa kuamkia siku hiyo, kwamba kila siku ya juma iwe na uji wake, ili nikiamka nijue leo ni siku gani hata kabla ya kufungua macho.

Mama akatazama bakuli. "Hii ni nini? Keki ya matanga?"

Kaka zangu wakaangua kicheko. Mimi nina miaka ishirini na saba, nimeoa jana, wanaume wamesimama ukutani na mabakuli yao, maana kwetu uji mwanamume hali amekaa, anakula wima, mgongo ukutani, uso mlangoni, tangu enzi za mababu zetu waliokuwa wakichomana visu wakati wa kifungua kinywa. Basi nikaona aibu. Nikasema kwa sauti, "Huu ni uji wa Waingereza na watoto wenye mafua." Nikaweka bakuli sakafuni. Nikapiga mluzi. Mbwa akaja, akaramba mpaka bakuli likang'aa, na katika nyumba ile asubuhi ile mbwa ndiye pekee aliyekuwa na adabu.

Dolina hakulia. Aliinama, akaokota bakuli, akaliosha mara mbili. Kesho yake: oti, maji, chumvi. Keshokutwa: oti, maji, chumvi. Mama akafa, kaka zangu wakaenda zao, mmoja Kanada na wawili makaburini: oti, maji, chumvi. Siku moja, ilikuwa imepita kama miaka kumi, nikamtania, "Bibie, ule uji wako wa tufaha umeusahau?" Akasema, "Sijausahau," akaendelea kukamua nguo. Na mimi badala ya kusema neno nikaenda kwa kondoo, kwa sababu mwanamume wa kwetu akishindwa na maneno kuna kondoo kila mara.

Na kitu kinachonikosesha raha, Bi Senga, ni kwamba yeye alikula baada yangu. Mimi nikishatoka. Kwa hiyo sijui alikula nini. Miaka arobaini na saba sijui mke wangu anapenda nini asubuhi. Huenda alijitilia asali. Naomba Mungu iwe alijitilia asali, akawa mwizi wa asali ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa sababu kama hakujitilia basi sijui nitaweka wapi uso wangu.

Sasa tangu ule mwezi wa saba nimekuwa mpishi. Mzee wa miaka sabini na nne, mikono hii imezalisha kondoo elfu, inamenya matufaha. Jioni naloweka oti nzima nzima, punje zisizosagwa, asubuhi nakoroga kufuata jua maana ukikoroga kinyume unamkaribisha shetani, na mimi shetani ninaye tayari. Nimempikia kwa maziwa. Nimempikia kwa malai. Nimempikia na peasi na mdalasini nilioagiza kwa feri, mwenye duka akaniuliza kama naoa tena. Nimempikia oti za kukaanga kama zile za siku ile, na matufaha yaleyale ya vipande, na nilipomsogezea kijiko akakohoa. Akakohoa huku ananitazama. Nikajua: amekumbuka. Kesho yake nikatia njugu za porini nilizozivunja mwenyewe kwa nyundo, akakohoa mpaka machozi yakatoka, nikasema hayo machozi siyo ya leo, hayo ni ya mwaka ule wa mbwa. Nimepika na jibini laini. Nimepika na mwani wa miambani, na yai, na samaki wa moshi kama alivyopenda baba yake, na karoti za kusaga, na zabibu kavu zilizolowekwa kwenye wiski, hiyo nilimaliza mimi. Nimeandika ukutani kwa mkaa, nimefika namna ishirini na tatu. Anakula vijiko viwili, kimoja, nusu. Halafu kidole kimoja cha mkono wa kushoto kinasukuma bakuli, polepole, bila hasira, kama mtu anayerudisha barua isiyo yake.

Mara moja tu alikula. Jumamosi moja ya mwezi huu. Nilikuta matunda meusi ya miibani yaliyooza oza nyuma ya zizi, yana wadudu, nikasema bora kuliko hakuna, nikayachemsha nikayakamua kwenye kitambaa nipate maji yake tu, nikayachanganya na unga laini wa oti uliochemka na maziwa muda mrefu kwa sababu nilisinzia hapo jikoni. Vijiko vitano! Vitano, Bi Senga! Nilicheza peke yangu mbele ya jiko, na magoti haya!

Basi kesho yake, Jumapili, sikuweza kungoja. Huku kwetu Jumapili ndiyo Sabato, hata nguo haining'inizwi kambani, hata jogoo anatazamwa vibaya. Nikaenda na ndoo kwenye miiba ya kando ya barabara, ambako yako yale manono, mazima, yanayong'aa, maana nilisema moyoni kama kala vijiko vitano vya maji ya matunda mabovu, akipata mazima atakula bakuli. Na watu wanatoka nyumbani kwenda kanisani. Mbele yao Tormod, mzee wa kanisa, kofia yake nyeusi, uso umefungwa kama duka.

"Lachlan! Leo siku gani?"

"Siku ya njaa, Tormod."

"Ni Sabato!"

"Na matunda yameiva Sabato. Nenda kayakemee yenyewe."

"Nitalifikisha kwenye baraza la kanisa jambo hili."

"Lifikishe. Na ukienda chukua kijiko, yamekuwa matamu mwaka huu."

Nilimjibu hivyo, wakasimama wote wananitazama, na wanawake waliokuwa wakituletea supu siku za Ijumaa sasa hawaleti. Lakini hilo siyo kitu. Kitu ni kwamba nilirudi nyumbani, nikapika Jumapili, moto wa Jumapili, nikapanga yale matunda juu ya uji moja moja kama shanga, nikamsogezea. Kijiko cha kwanza akakohoa, uso ukamgeuka rangi, akakitema chote kifuani mwake. Akageukia ukuta. Tangu siku hiyo hata vile viwili havili sawasawa. Jumanne iliyopita: kilo arobaini na tatu. Rhona aliandika, akasema mwisho wa mwezi ndipo ataamua habari ya bara, akanishika bega, na mimi sipendi kushikwa bega.

Nikuambie pia kwamba kila asubuhi kabla ya kijiko cha kwanza namwuliza. Nasema, "Dolina, hiki ni kwa ajili ya yule mbwa. Umenisamehe?" Nashika kijiko hapo mdomoni pake nangoja. Naye anafumba mdomo.

Basi naomba unijibu, na ujibu upesi maana mwisho wa mwezi hauko mbali. Ananikomoa? Mtu anaweza kujiua kwa njaa ili kumlipa mumewe bakuli moja? Ameningoja miaka arobaini na saba mpaka niwe mimi ndiye ninayeshika kijiko? Na kama ni hivyo, kuna uji gani duniani ambao sijaupika, maana wewe umesoma, umeona mambo, nitajie wa ishirini na nne nitaupika hata kama viungo vyake viko mwezini. Au nimwache avushwe. Usiku nasikia pumzi yake nahesabu, na asubuhi naogopa kuwasha jiko. Mimi nilikuwa mtu wa mizaha, kisiwa kizima kitakuambia. Sasa mizaha ninayo bado lakini hakuna wa kuisikia, naitupa ukutani inarudi.

Jina langu liandike tu. Hata kondoo wanajua.

Lachlan, mume wa Dolina


BI SENGA ANAJIBU

Mzee Lachlan,

Sitacheka, wala sasa wala baadaye. Na ukimaliza kusoma, ukurasa huu uwashie jiko kama kawaida yako, lakini usome kwanza mpaka chini.

Umeniandikia kurasa saba. Zimejaa wewe: aibu yako, mbwa wako, mama yako, majuto yako. Koo la mkeo umelitaja kwa bahati mbaya tu, kila mara ukilichukulia kama tusi. Akakohoa, "amekumbuka." Akatoa machozi, "ni ya mwaka ule." Mzee wangu, mtu aliyepigwa kiharusi upande mmoja wa mwili, na ulimi ukanyamaza, unadhani koo lake limesalimika peke yake? Mimi si daktari. Lakini mama yangu mzazi alikufa kwa ugonjwa huohuo, na nilijifunza kwa machozi kile ninachokuambia bure: huyu mwanamke hakukomoi. Huyu mwanamke anapaliwa.

Njugu za kuvunjwa kwa nyundo! Oti nzima nzima! Zabibu! Matunda yenye mbegu, umeyapanga kama shanga! Umekuwa ukimlisha changarawe kila asubuhi kwa mapenzi makubwa. Soma tena barua yako mwenyewe. Siku aliyokula vijiko vitano ulimpa nini? Unga laini, uliochemka muda mrefu kwa sababu ya usingizi wako, na maji ya matunda yaliyokamuliwa kwenye kitambaa. Siku iliyofuata ulimpa mazima, akatema. Ulikuwa na jibu mkononi, ukalitupa kwa sababu ulikuwa unatafuta hukumu yako.

Na kama miezi yote hii hukumwambia Rhona habari ya kikohozi, ni kwa sababu uliona haya, ulidhani ni ugomvi wa ndani ya ndoa. Ugomvi wa ndani ya ndoa haupunguzi kilo kumi na nane.

Sasa fanya hivi, usinibishie. Usingoje Jumanne. Ukishaweka gazeti hili mezani, mpigie Rhona, umwambie neno kwa neno: "Akila anakohoa, anabadilika rangi, anatema." Mwambie unataka mtu wa kumwangalia namna anavyomeza. Wapo watu wa kazi hiyo, wanavuka kwa feri hiyohiyo inayoleta mdalasini. Mpaka wafike, usimpe kitu kingine chochote cha kutafuna, wala chembe, wala ganda, na chai nyepesi inayokimbilia kooni usimmiminie mdomoni kabla hawajakuambia. Chochote Rhona atakachoruhusu kiwe laini, kipite kwenye chujio, kisiwe chepesi kama maji. Mkalishe wima, mito mgongoni. Kijiko cha chai, siyo hilo sepetu ulilozoea. Ameze, ungoje, ameze tena.

Na wewe kaa chini. Miaka arobaini na saba umekula umesimama, uso mlangoni, kana kwamba adui anakuja. Hakuna anayekuja, Mzee Lachlan. Vuta kiti.

Kuhusu ule msamaha. Acha. Acha leo. Unamshikia mgonjwa kijiko mdomoni, ana njaa, hawezi kusema ndiyo wala hapana, na bei ya kijiko ni kukufutia dhambi? Hata benki haimfanyii mtu hivyo. Ulimdhalilisha mara ya kwanza kwa kumnyang'anya uji wake mbele ya watu, na sasa unamrudishia ukiwa umeuwekea masharti. Kama ni lazima uungame, nenda kamwungamie yule Tormod, atafurahi, na utakuwa umemsaidia mtu.

Huo wa ishirini na nne unaouomba sina. Hata ningekuwa nao nisingekupa, maana kosa lako halikuwa chumvi. Chumvi ni nzuri, mimi mwenyewe natia. Kosa ni kwamba asubuhi ile ulimwamulia, na tangu mwezi wa saba umemwamulia tena mara ishirini na tatu, na kuandika ukutani. Hujamwuliza hata siku moja anataka upi. Ana mkono wa kushoto, umesema mwenyewe. Basi weka visahani viwili mbele yake, kijiko kimoja kimoja cha kila uji: labda mmoja wa maji ya tufaha, mwingine wa asali, au wa chumvi na malai, yote laini, yote yamechujwa. Usimwambie upi umekuchosha kuupika. Nyamaza, ingawa najua kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kuzalisha kondoo. Ngoja kile kidole. Kitakachoonyeshwa ndicho asubuhi ya leo. Kesho vingine viwili.

Sitakudanganya, maana hukuniandikia ili nikubembeleze. Kilo arobaini na tatu ni chache, na mwezi umebaki mfupi. Huenda mlichelewa. Huenda wale wa kumeza wakasema hakuna njia ila bara. Wakisema hivyo, usimpeleke peke yake kama furushi. Kondoo mpe jirani, panda feri naye, ukakae pembeni ya kitanda, na mtu wa kwanza atakayemwita "mpenzi" mwambie jina lake ni Dolina. Hilo utaliweza, ulimi unao. Na kama Mungu akimtaka kabla ya hapo, atakuwa ameondoka mtu ambaye mwishoni aliulizwa anataka nini, hata kama ni mara tatu nne tu. Ni kidogo sana kwa miaka arobaini na saba. Najua. Na wewe jua, ndicho kilichobaki.

Piga simu kwanza. Halafu osha chujio, tafuta visahani viwili vinavyofanana ili asidhani kimoja ni cha heshima kuliko kingine. Na akivisukuma vyote viwili, usilie mbele yake wala usimwambie hadithi ya mbwa. Viondoe, vioshe, umwambie, "Sawa, bibie," na kesho asubuhi uviweke tena.

Bi Senga